Mate ya Ata

Ejok, ndugu zangu. Ejok, wazee wetu, na nyinyi vijana wa darasa la Kiingereza mliokaa mbele na mashati yaliyopigwa pasi. Mwalimu wenu aliniomba nishuhudie hapa kanisani kwa Kiingereza ili mpate mfano. Nimemkatalia. Neno baya kuliko yote niliyowahi kusema lilinitoka kwa Kiingereza, na sitaki lugha hiyo hiyo inisaidie kujitetea leo. Nitasema kwa Kiswahili changu hiki cha kuokota. Nikinyamaza katikati msidhani nimesahau. Kule nyuma yuko mtu ambaye lazima atafsiriwe, na nataka kila neno limfikie.

Sitataja jina la mtu yeyote. Nitataja mate.

Chekeni tu. Hata mimi ningecheka.

Mimi ni kifungua mimba kwetu. Baba alikufa kabla kitinda mimba hajazaliwa, na mama akamfuata nikiwa darasa la sita. Wiki aliyozikwa mama nilirudisha vitabu vya shule, nikaanza kushusha magunia kwenye maduka ya Lodwar. Nilikuwa na wadogo wawili, wote wasichana. Wa kwanza alikuwa na miaka saba, wa pili bado anabebwa mgongoni. Watu walitaka kutugawa, huyu aende kwa shangazi, yule aende kwa watawa. Nikasema hapana. Mimi ni mtu wa kushikilia, ndugu zangu. Nikishika jambo siliachii. Ndiyo maana wadogo zangu walikula. Lakini nawaambia, mikono iliyozoea kushikilia haichagui. Ikishika upumbavu inaushika kwa nguvu ile ile.

Aliyekuja kutusaidia ni nyanya yetu, mama yake baba. Sisi tunamwita Ata. Alitoka Lorugum na mbuzi watatu, ngozi ya kulalia na mfuko wa tumbaku, akakaa nasi.

Wengi wenu mnao akina Ata wa namna hiyo. Meno yake ya mbele ya chini yaling'olewa tangu ujana, kama ilivyo desturi, kwa hiyo mate yake yana mlango. Tangu asubuhi anatafuna tumbaku iliyochanganywa na magadi. Akitema, unatoka uzi mmoja mweusi, unatua pale pale anapotaka, na nzi wanakuja kama walioitwa. Kando ya ngozi yake lilikuwa kopo la maziwa ya unga la kutemea. Siku moja nililigonga kwa mguu. Sitasema zaidi, kuna watu hapa hawajala.

Na hivyo ndivyo alivyokuwa akitubariki. Mtoto akisafiri, akiugua, akifaulu mtihani, Ata anamshika kichwa kwa mikono miwili na kumtemea kwenye paji la uso na kifuani, mate membamba kama manyunyu, huku akisema, maana kwetu baridi ni amani, "Uwe baridi. Njia yako iwe baridi." Mimi nilisimama nikabarikiwa kama wenzangu. Lakini nilikuwa naziba pumzi.

Mwaka wa 2012 nilipata kazi hapa Kakuma, kuosha vyombo kwenye kantini wanakokula watu wa ofisi. Wadogo zangu na Ata wakabaki Lodwar, nami nikawa naenda kila mwisho wa mwezi. Mama mwenye kantini, mtu wa kutoka bara, aliniambia, "Kijana, wewe ni msafi na huibi. Lakini huku mbele nataka mtu wa Kiingereza. Jifunze, nikutoe kwenye karai." Ndipo nikajiunga na darasa hili, Jumamosi mchana, mwanamume mzima na magoti yangu yakigonga dawati, katikati ya watoto wa miaka kumi na minne.

Nyinyi wenyewe mnajua somo la adabu. Plisi, thenkyu, sori, ekskyuzimi. Mwalimu, kijana wa Sudan Kusini, alibandika ukutani karatasi kubwa ya sheria zenye namba, na michoro. Mdomo uliofungwa ukitafuna. Mtu akipiga chafya ndani ya hanchifu. Na chini kabisa, mtu akitema mate barabarani, amepigwa alama nyekundu ya mkasi mwili mzima. Nilimtazama mtu yule kwa muda mrefu. Nilifurahi alivyokatwa. Kile nilichokuwa nikikisikia tumboni tangu utotoni, kumbe kilikuwa kimeandikwa, tena na watu waliosoma.

Nikainakili karatasi. Mstari wa kwanza, ule wa juu kabisa, sikuuandika. Niliuona wa kitoto. Nilianzia wa pili.

Mwisho wa mwezi nikaibandika kwenye ukuta wa nyumba yetu Lodwar. Ndugu zangu, nilikuwa mtu wa kuchukiza. Niliingia bila kusalimia, nikapita nikikagua. Nani amelamba vidole? Nani ameacha kamasi? Yule mdogo wa mwisho alikuwa na mafua, pua imeziba, na mtu aliyezibwa pua hawezi kutafuna amefunga mdomo, atakufa. Mimi nikamwambia, "Funga mdomo." Akafunga, akashindwa, akafungua tena. Nikamnyang'anya sahani. Baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba amechuchumaa, anakwangua sufuria kwa kucha. Nikamkemea tena, kwa sababu ya kucha.

Ata akanitazama. Akasema, "Mtoto wa mwanangu, hicho kitambaa cheupe mfukoni ni cha nini?"

"Ni hanchifu, Ata. Ya kupengea kamasi."

"Ukishapenga unatupa?"

"Hapana. Naikunja narudisha mfukoni."

Akawageukia wasichana. "Mnamsikia? Mimi natema chini, jua linakausha, yamekwisha. Huyu kamasi yake anaifunga vizuri, anatembea nayo hadi Kakuma na kurudi. Anamwekea nani?"

Walicheka mpaka wakalala chini. Mimi sikucheka. Kesho yake asubuhi nilichukua lile kopo na mfuko wa tumbaku, nikavitupa shimoni.

Na wakati huo huo, nataka vijana msikie hili, kule kantini nilikuwa naosha vyombo vya watu wenye adabu. Watu wa plisi na thenkyu. Walisema thenkyu bila kunitazama, kama mtu anayekohoa. Chini ya meza zao nilibandua chingamu kwa kisu, moja juu ya nyingine, za rangi zote, nyingine bado laini. Sigara imezimwa ndani ya ugali. Nyama iliyotafunwa ikarudishwa sahanini na kufunikwa kwa kitambaa cha karatasi ili isionekane. Nilifumba macho nikaosha. Kinyaa changu chote nilikuwa nimemwekea bibi mmoja mzee.

Yule mdogo wangu mkubwa alikuwa darasa la nane. Alifanya mtihani, akafaulu, mapema mwaka wa 2013 akaitwa kidato cha kwanza kwenye shule ya wasichana ya bweni. Ndugu zangu, hilo ndilo jambo nililoachia shule. Magunia yote niliyobeba niliyabebea ile barua. Ilisema mwisho wa kuripoti ni Ijumaa. Tukapanga aondoke Jumamosi iliyotangulia, awe na wiki nzima ya kuzoea.

Tulikuwa stendi Lodwar asubuhi. Sanduku la bati liko juu ya gari, godoro limefungwa kamba, watu wamejaa, wauzaji wa maji, makanga, wazazi wengine na watoto wao. Mdogo wangu amevaa sare mpya. Shati jeupe, ndugu zangu. Nililinunua mwenyewe. Ata akasogea, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa ameomba tumbaku kidogo kwa jirani, maana ile yake nilikuwa nimeitupa. Shavu lilikuwa limejaa. Niliona midomo ikijikunja.

Nikapiga kelele, "Donti spiti!"

Kwa Kiingereza. Kwa mtu asiyejua Kiingereza. Nilitaka wale wazazi wengine wasikie kwamba katika ukoo huu yuko mmoja aliyesoma. Nikachomoa hanchifu, nikaiweka kati ya mdomo wake na uso wa mtoto.

Ata akafunga mdomo. Akanitazama. Halafu akameza.

Mnaotafuna tumbaku mnajua maana yake. Hiyo haimezwi. Niliona koo lake likishuka na kupanda. Macho yakamjaa machozi, na hayakuwa ya huzuni, yalikuwa ya tumbaku. Makanga mmoja akasema, "Buda, kwani umekuwa mzungu lini?" Watu wakacheka. Ata akageuka akaondoka zake, akishika mdomo kwa shuka.

Mdogo wangu akapanda gari. Nikashusha pumzi. Kumbe amepanda kufungua kamba. Akaanza kushusha godoro.

"Unafanya nini?"

"Siendi."

"Shule imekuita!"

"Niende hivi hivi? Sijabarikiwa. Nikiugua huko nitasema nini?"

"Utasema uko na kaka aliyekulipia."

Akaniambia, "Kaka, basi hanchifu yako ndiyo iende shule," akabeba sanduku kichwani akamfuata Ata.

Nikasema moyoni, atarudiwa na akili. Nikapanda gari la Kakuma siku hiyo hiyo, kwa sababu mimi ni mtu wa kushikilia. Jumatatu jirani akanipigia simu kwamba nyumba ina kufuli. Ata amewachukua wasichana wote wawili wamerudi Lorugum.

Jumatatu hiyo jioni nilimfuata mwalimu hapa kanisani. Sikuja kutubu, msinipambe. Nilikuja kushtaki. Nikamweleza yote, nikitegemea anipongeze. Alikuwa anafuta ubao. Akaendelea kufuta hata pale ambapo hapakuwa na chaki.

Akasema, "Malesh, pole ndugu. Mimi nauliza kitu moja. Hiyo mama mzee, yeye natupa mate ama yeye natoa mate?"

Nikamwambia mate ni mate.

"Hapana. Sikia. Siku sisi natoka nyumbani, vita nakuja, mama yangu hakuna kitu ya kunipa. Chakula hakuna, pesa hakuna. Yeye naweka mate hapa." Akajigusa utosini. "Mimi natembea na hiyo mate mpaka Lokichoggio. Kwa mto watu naoga, mimi naoga shingo mpaka chini. Kichwa sinawi. Mama yangu hakufika. Kalas, basi." Akaweka kifutio chini. "Mtu wa picha, yeye natupa. Mama natoa. Kutupa na kutoa, hata kwa Kiingereza ni maneno mbili. Mimi nilikufundisha moja, kosa yangu. Lakini mstari ya kwanza ulisoma?"

Nikainua macho kwenye karatasi. Mstari wa kwanza, ule nilioruka, ulisema: salimia wakubwa kwanza.

Ndugu zangu, nilitoka nje nikatapika. Sikuwa nimekula kitu kibaya. Niliona tu lile koo likishuka na kupanda. Miezi yote ile nilikuwa natafuta uchafu kwenye vidole vya watoto na midomo ya wazee, na kitu kilichooza katika nyumba yetu kilikuwa mimi, nimesimama katikati na kitambaa cheupe.

Jumanne nilimwomba ruhusa mama wa kantini. Akasema, "Nenda, vyombo havitakimbia." Jumatano asubuhi nilishuka kwenye pikapu Lorugum, nikatembea hadi bomani.

Ata alikuwa amekaa kivulini. Aliponiona alivuta shuka akaziba mdomo, na aliendelea kuongea na mimi akiwa ameziba hivyo. Hiyo ilikuwa sheria yangu. Namba nne kwenye karatasi, mate yasitoke.

Nikasema, "Ata, ejok."

Akajibu, "Thenkyu."

Neno pekee alilokuwa ameliokota kwangu. Halafu akamwambia yule mdogo wa mwisho, "Mletee mzungu kiti." Mdogo wangu mkubwa alikuwa anakamua mbuzi akiwa na sare yake ya shule, kwa makusudi, nina hakika. Hakugeuka.

Nikakaa chini, sikukalia kiti. Nikasema nimekosa. Ata akasema, "Wajua umefanya nini? Baraka ya msichana huyu ilikuwa mdomoni mwangu. Ukanifanya niile. Miaka yangu yote sijawahi kula baraka ya mtoto. Nilitapika kutoka stendi hadi nyumbani."

"Mbariki sasa, Ata. Ijumaa ni kesho kutwa. Nafasi yake itapewa mtu mwingine."

"Kwa mate gani? Yamekauka. Tumbaku yangu iko shimoni, ulikoitupa wewe."

Basi nikaenda dukani nikanunua tumbaku, msokoto mzima, na magadi. Nilipomletea akanionyesha jiwe la kusagia. Fizi zake zilikuwa zimevimba, hawezi tena kuvunja ngumu, lazima isagwe. Kazi hiyo ilikuwa ya wasichana. Siku hiyo wasichana walikaa wakatazama. Nikasaga. Lile vumbi liliniingia puani, nikapiga chafya kama mbuzi mwenye kupe, machozi na kamasi vikachanganyika, na nikaogopa kutoa hanchifu. Nikajipangusa kwa mkono. Namba tatu nayo nimeivunja. Yule mdogo wa mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, kucha," nao wakaanza kucheka, hata yule mwenye mbuzi, hata Ata chini ya shuka.

Ata akatafuna taratibu, hakuwa na Ijumaa yeye. Kisha akamwita mdogo wangu, akamshika kichwa. "Uwe baridi. Njia yako iwe baridi." Yakatua kwenye paji la uso na kwenye lile shati jeupe, alama ya kahawia upande wa moyo. Aliripoti shuleni Ijumaa mchana na alama ile ile. Hakuifua mpaka muhula wa kwanza ulipoisha. Yuko hapa leo, amefunga shule, ndiye anayetafsiri kule nyuma. Na naona anatafsiri zaidi ya ninavyosema, maana Ata anacheka mahali pasipo na kichekesho.

Nami siku ile nilipiga magoti nyuma ya mdogo wangu, nikingoja zamu. Ata akanipita.

Akasema, "Wewe bado. Ulinifunga mdomo stendi, watu wakiona. Hapa wanaoona ni mbuzi. Utanifungua mbele ya watu."

Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka, na sasa mwaka unaisha. Sitawadanganya, mara mbili nilipanga kusimama hapa, mara mbili nikaona haya. Nilitolewa kwenye karai nikawekwa mbele. Naongea Kiingereza na watu wa ofisi kila siku, na inanichukiza kukumbuka kwamba kwa miezi mingi nilikuwa jasiri kwa wageni na mwoga kwa bibi yangu.

Na jambo jingine, kwa kuwa ushuhuda ni kweli au si kitu. Kinyaa hakijaisha. Kila mwisho wa mwezi mimi ndiye ninayemwaga kopo la Ata, jipya nililomnunulia, na kila mara tumbo linapinduka. Siwezi kuliamuru tumbo. Lakini vijana wangu, kinyaa ni cha tumbo na adabu ni ya uso. Tumbo lako lifanye litakavyo huko ndani. Uso unaomwekea mzee wako, huo ni wako, na huo ndio utakaoulizwa. Jifunzeni Kiingereza, jifunzeni hasa, kimenilisha. Msiteme mate barabarani, ni uchafu. Ile karatasi bado iko ukutani kwetu. Mdogo wangu wa mwisho ameandika ule mstari wa kwanza juu yake, kwa mkaa, herufi kubwa kuliko zote.

Namshukuru mwalimu, aliyefuta ubao badala ya kunipiga kofi. Namshukuru mama wa kantini na vyombo vyake visivyokimbia. Nawashukuru wadogo zangu, ambao nilidhani mimi ndiye ninayewalea. Namshukuru Mungu, aliyetufinyanga kwa udongo na maji bila kuvaa glavu.

Hanchifu ni hii hapa. Mwalimu, nishikie. Usiikunjue.

Mdogo wangu, mlete Ata mbele, polepole, kuna ngazi. Mpisheni.

Ata, ejok. Watu ni hawa.

Vijana, mnaweza kuziba pumzi. Mimi sizibi.